James Garfield: risasi moja, siku 79 na mshipa wa wengu

Usiku wa tarehe 19 Septemba mwaka 1881, katika nyumba iliyokuwa ufukweni mwa bahari huko Elberon, jimbo la New Jersey, Rais wa 20 wa Marekani, James Abram Garfield, aliamka usingizini, akaweka mkono upande wa moyo na kulalamika kwamba ana maumivu makali. Haukupita muda mrefu akapoteza fahamu, na ilipotimu saa nne na dakika 35 usiku alikuwa ameaga dunia. Alikuwa na umri wa miaka 49. Alikuwa Rais kwa siku 199 tu, na 79 za mwisho alizimaliza kitandani akiuguza jeraha la risasi.

Kwa zaidi ya karne moja kifo hicho kimekuwa kikisimuliwa kama kisa cha madaktari waliotia mikono michafu katika jeraha. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini hayajakamilika. Madaktari walioupasua mwili wa marehemu siku iliyofuata waligundua kwamba kilichokata uhai wake usiku ule ni mshipa wa damu uliopasuka ndani ya tumbo. Mshipa wenyewe, kama ilivyokuja kubainika, ulikuwa ateri inayopeleka damu kwenye wengu, kiungo ambacho wengine hukiita bandama. Ukuta wake ulijeruhiwa na risasi, ukafanya uvimbe, na uvimbe huo ukapasuka baada ya wiki 11.

Mwaka 1881 hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kuuona uvimbe wa namna hiyo ndani ya mtu aliye hai, sembuse kuuziba. Leo huzibwa kupitia tundu la sindano, na mojawapo ya vifaa vinavyotumika kwa kazi hiyo kilibuniwa katika eneo la miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Kusini mwa miji hiyo, ng'ambo ya mto Minnesota, upo mji wa Eagan. Alipokufa Garfield, Eagan ilikuwa kata ya wakulima, iliyoundwa mwaka 1860 na kupewa jina la Patrick Eagan, mwenyekiti wake wa kwanza. Leo ni mji kamili, ndani ya eneo ambalo utengenezaji wa vifaa vya tiba ni miongoni mwa shughuli zake mashuhuri. Maisha ya Garfield, na hasa mwisho wake, yanatupa kipimo cha umbali uliopo kati ya nyakati hizo mbili.

Mtoto wa mjane

Garfield alizaliwa tarehe 19 Novemba 1831 katika kibanda cha magogo, kwenye eneo la Orange, jimbo la Ohio. Alikuwa kitinda mimba. Hakuwa ametimiza miaka miwili baba yake, Abram, alipofariki, na mama yake, Eliza, akabaki na shamba dogo na watoto wa kulea. Umaskini wa nyumba hiyo haukuwa wa kutungwa kwa ajili ya kampeni, ingawa baadaye ulitumika sana katika kampeni.

Akiwa na miaka 16 alitoroka kwenda kutafuta maisha ya ubaharia. Alichokipata ni kazi ya kuswaga nyumbu waliokokota mashua kando ya mfereji. Mara nyingi alianguka majini, na baada ya wiki chache alirudi nyumbani akitetemeka kwa homa ya malaria. Mama yake alimuuguza, kisha akamshawishi arudi shule.

Alisoma kwa kujilipia. Katika chuo cha Hiram, Ohio, alianza kwa kufagia madarasa na kupiga kengele. Baada ya muda alikuwa akifundisha katika madarasa hayo hayo. Mwaka 1856 alihitimu katika chuo cha Williams, Massachusetts, na mwaka uliofuata alikabidhiwa uongozi wa chuo cha Hiram. Alifundisha Kigiriki na Kilatini, alihubiri katika kanisa la Disciples of Christ, na alipenda hisabati. Mwaka 1876, akiwa mbunge, alichapisha thibitisho lake mwenyewe la kanuni ya Pythagoras, ambalo hadi leo huonyeshwa wanafunzi.

Mwaka 1858 alimwoa Lucretia Rudolph, mwalimu mwenzake. Walijaliwa watoto saba, na wawili kati yao walifariki wakiwa wadogo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, Garfield alikuwa mpinzani wa utumwa aliyekwisha kuingia katika bunge la jimbo. Aliunda kikosi cha wanajeshi wa Ohio, wengi wakiwa wanafunzi wake, na Januari mwaka 1862 aliongoza mapigano ya Middle Creek huko Kentucky. Alipanda hadi cheo cha meja jenerali, na Desemba mwaka 1863 akavua sare na kuingia katika Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Alidumu humo miaka 17.

Hakuwa mtu asiye na dosari. Mwaka 1872 jina lake lilitajwa katika kashfa ya hisa za kampuni ya Crédit Mobilier, iliyowagusa wanasiasa wengi. Alikana kupokea rushwa, na wapiga kura wake wakamrudisha bungeni, lakini wapinzani wake hawakuisahau kashfa hiyo.

Urais ambao hakuuomba

Juni mwaka 1880 chama cha Republican kilikutana Chicago kumteua mgombea wa urais. Garfield alikwenda huko kumpigia debe mwanasiasa mwenzake wa Ohio, John Sherman. Ukumbi uligawanyika kati ya waliomtaka Jenerali Ulysses Grant arejee madarakani na waliomtaka James Blaine wa Maine. Wajumbe wa Minnesota walikuwa na mtu wao, Seneta William Windom, waliyempa kura 10 katika duru ya kwanza.

Duru zilifuatana kwa siku mbili bila mshindi. Katika duru ya 34 wajumbe wa Wisconsin walianza kulitaja jina la Garfield. Alisimama kupinga, mwenyekiti akamkalisha. Katika duru ya 36 akawa mgombea.

Novemba mwaka huo alimshinda Winfield Scott Hancock wa chama cha Democratic. Tofauti ya kura za wananchi ilikuwa chini ya 10,000 katika nchi nzima, ingawa katika kura za majimbo alipata 214 dhidi ya 155. Minnesota ilimpa kura zake zote tano.

Alipoapishwa tarehe 4 Machi 1881, mama yake alikuwepo, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mama wa rais kushuhudia kiapo cha mwanawe. Katika hotuba yake Garfield alisisitiza haki ya Wamarekani weusi kupiga kura na kupata elimu. Alimteua Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, kuwa msajili wa hati za ardhi wa mji mkuu. Katika baraza lake la mawaziri, Windom wa Minnesota alikabidhiwa Hazina. Wizara ya Vita ilitoka mikononi mwa Alexander Ramsey wa Saint Paul na kwenda kwa Robert Lincoln, mwana wa rais aliyeuawa mwaka 1865.

Miezi yake ya kwanza ilimezwa na ugomvi wa ajira. Enzi hizo kazi za serikali zilikuwa nyara za ushindi: chama kilichoshinda kiligawa vyeo kuanzia ubalozi hadi ukarani wa posta, na waombaji walipanga foleni Ikulu kila siku. Garfield aligombana hadharani na Seneta Roscoe Conkling wa New York juu ya nani asimamie forodha ya bandari ya New York. Akashinda, Mei mwaka 1881 Conkling akajiuzulu.

Miongoni mwa waliopanga foleni alikuwamo Charles Guiteau, mwanasheria aliyeshindwa maisha na ambaye akili yake haikuwa timamu. Aliamini kwamba hotuba aliyoiandika ndiyo iliyompa Garfield ushindi, na kwamba malipo yake yalikuwa kupelekwa Paris kuwa konseli. Alipofukuzwa mlangoni, alikopa fedha na kununua bastola.

Asubuhi ya tarehe 2 Julai

Asubuhi ya tarehe 2 Julai 1881 Garfield aliingia katika kituo cha treni mjini Washington akiwa na Blaine, ambaye sasa alikuwa waziri wake wa mambo ya nje. Alikuwa safarini kwenda katika chuo alichosoma, akiwa na wanawe wawili. Lucretia, aliyekuwa ametoka kuugua malaria, alikuwa Elberon akivuta hewa ya bahari. Windom na mawaziri wengine walikuwa wakisubiri kwenye jukwaa la treni. Rais hakuwa na mlinzi, kwani marais wa wakati huo hawakuwa na desturi ya kulindwa.

Guiteau alifyatua risasi mbili akiwa nyuma yake. Moja ilimparuza mkono. Ya pili iliingia mgongoni upande wa kulia, ikavunja mbavu, ikapenya pingili ya uti wa mgongo bila kuugusa uboho wake, na kusimama upande wa kushoto, nyuma ya kongosho. Njiani iliijeruhi ateri ya wengu. Lakini hayo yote yalijulikana baada ya kifo. Asubuhi ile kilichoonekana ni tundu moja dogo.

Daktari wa kwanza kufika alitia kidole katika tundu hilo, Rais akiwa amelala juu ya sakafu ya kituo. Baada yake alifika Willard Bliss, tabibu mashuhuri wa Washington aliyeitwa na Robert Lincoln. Naye alitia vidole, kisha kijiti cha chuma, akiitafuta risasi. Hakuna aliyenawa.

Ulimwengu ulikuwa umeanza kujua kwamba hilo ni kosa. Joseph Lister, mpasuaji wa Uingereza, alichapisha mwaka 1867 namna ya kukinga majeraha kwa asidi ya kaboliki, na mwaka 1876 alisafiri hadi Philadelphia kuwaeleza madaktari wa Marekani. Wengi walimsikiliza kwa heshima, kisha wakarudi kwenye mazoea yao.

Daktari mmoja, upande mmoja

Bliss alijitwalia usimamizi wa mgonjwa. Madaktari wengine waliondolewa. Susan Edson, daktari wa Lucretia na mmoja wa wanawake wa kwanza kupata shahada ya udaktari nchini humo, aliruhusiwa kubaki, lakini kwa kazi ya uuguzi.

Bliss aliamini kwamba risasi ilikuwa imekwenda upande wa kulia, karibu na ini. Kutokana na imani hiyo, yeye na wenzake walichokonoa jeraha upande huo siku baada ya siku, na kulipasua mara kadhaa kutoa usaha. Njia waliyoichimba kwa vidole na vyuma wakaidhania kuwa ni njia ya risasi.

Alexander Graham Bell, aliyebuni simu, alitengeneza chombo cha umeme cha kutambua chuma ndani ya mwili. Alikipeleka Ikulu tarehe 26 Julai, na tena tarehe 1 Agosti. Godoro la Rais lilikuwa na springi za chuma, jambo lililovuruga sauti ya chombo. Lakini kizuizi kikubwa zaidi ni kwamba Bell aliruhusiwa kupima upande wa kulia tu. Risasi ilikuwa kushoto.

Joto la Washington lilipozidi, wahandisi wa jeshi la majini walitengeneza mtambo wa kupuliza hewa kupitia vitambaa vilivyoloweshwa kwa maji ya barafu. Chumba cha mgonjwa kilipoa, lakini mgonjwa mwenyewe aliendelea kuchakaa. Alikuwa hawezi kuzuia chakula tumboni, na kwa siku kadhaa madaktari walimlisha kwa njia ya haja kubwa. Mtu aliyekuwa na zaidi ya kilo 90 alibaki na kilo 60 hivi.

Wakati huo wote taarifa za afya yake zilitolewa kila siku na kusambazwa kwa nyaya za simu, zikabandikwa mbele ya ofisi za magazeti katika miji mingi. Kwa sehemu kubwa zilikuwa za matumaini. Wananchi waliokusanyika kuzisoma walielezwa juu ya mapigo ya moyo, pumzi na joto la mwili kwa tarakimu kamili, lakini tarakimu hizo hazikuwaeleza kwamba usaha ulikuwa umesambaa. Nchi iliyotoka vitani miaka 16 tu kabla yake, kaskazini na kusini, ilijikuta ikimwombea mtu mmoja. Mfuko wa kuisaidia familia yake ulikusanya zaidi ya dola 300,000.

Tarehe 6 Septemba Garfield, kwa ombi lake mwenyewe, alipelekwa baharini. Watu waliojitolea walitandaza reli ya muda usiku kucha hadi karibu na mlango wa nyumba ya Elberon. Kichwa cha treni kiliposhindwa kupanda mwinuko wa mwisho, watu walilisukuma behewa la Rais kwa mikono. Aliishi siku 13 akiitazama bahari.

Kilichokutwa ndani

Madaktari walioufungua mwili wake tarehe 20 Septemba waliitafuta risasi upande wa kulia wasiione. Walikuta mfereji mrefu wa usaha ulioteremka kuelekea kinena, njia ambayo risasi haikupita kamwe. Risasi yenyewe ilikutwa kushoto, imezungukwa na utando ambao mwili uliifungia, bila kuleta madhara zaidi.

Walikuta pia damu nyingi iliyoganda ndani ya tumbo. Ripoti ya kwanza ilisema imetoka katika mojawapo ya mishipa ya utumbo. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha kuwa ni ateri ya wengu.

Ateri hiyo hupita nyuma ya tumbo la chakula, ikijipindapinda juu ya kongosho, hadi kwenye wengu upande wa kushoto. Ukuta wa ateri ukidhoofika na kutuna, matabibu huuita uvimbe huo anurizimu. Uko wa aina mbili. Katika uvimbe wa kweli, ukuta wote wa mshipa hutanuka kama puto. Katika uvimbe wa bandia, ukuta huwa umechanika, damu ikavuja, na kinachoizuia isimwagike ni nyama za pembeni na damu iliyoganda. Uvimbe wa Garfield ulikuwa wa aina hii ya pili. Waweza kukaa siku au wiki nyingi bila dalili, kisha ukapasuka kwa ghafla.

Hapo ndipo hukumu juu ya madaktari wake inapokuwa ngumu. Guiteau, alipofikishwa mahakamani, alidai kwamba yeye alimpiga risasi tu, na kwamba waliomuua ni madaktari. Mahakama haikukubali, naye akanyongwa tarehe 30 Juni 1882. Wanahistoria wengi wamesema tangu hapo kwamba Garfield angeachwa bila kuguswa angepona, kama walivyopona askari wengi waliobaki na risasi miilini. Bila shaka usaha ulimmaliza nguvu, na usaha huo ulitokana na mikono yao. Lakini ateri ilikuwa imejeruhiwa tangu asubuhi ile ya kituoni. Hata kama kila mkono ungenawiwa, uvimbe ule ungeweza kupasuka, na hakuna mpasuaji wa mwaka 1881 ambaye angeweza kuufikia kwa wakati. Upasuaji wa tumbo kwa majeruhi wa risasi ndio kwanza ulikuwa ukianza: siku 11 baada ya Garfield kupigwa, daktari George Goodfellow alimfanyia mchimba madini mmoja huko Arizona upasuaji wa aina hiyo, ambao huhesabiwa kuwa wa kwanza.

Madaktari wa Garfield, basi, walifanya kosa ambalo wangeweza kuliepuka, na kando yake palikuwa na hatari ambayo wasingeweza kuiondoa. Ilichukua karibu miaka mia moja kupata dawa ya hiyo ya pili.

Njia ya tundu la sindano

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua eksirei, na risasi iliyofichika ikaonekana bila kidole kutiwa jerahani. Mwaka 1953 daktari wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger, alieleza namna ya kuingia ndani ya mshipa bila kuupasua: sindano hutangulia, waya mwembamba hupita ndani ya sindano, sindano hutolewa, na mrija laini hufuata juu ya waya. Mwaka 1975 Cesare Gianturco na wenzake walieleza koili ndogo za chuma ambazo zikisukumwa kupitia mrija huo hujikunja ndani ya mshipa na kuigandisha damu.

Kutoka hapo tiba ya uvimbe wa ateri ya wengu ilibadilika. Badala ya kulifungua tumbo lote, daktari hudunga sindano kwenye kinena au kifundo cha mkono, hupandisha mrija hadi kwenye mshipa mkuu wa mwili, na kutoka hapo huuongoza ndani ya ateri ya wengu akitazama picha kwenye skrini. Akifika, huziba pande zote mbili za uvimbe, kwa sababu damu iliyozuiwa mbele yaweza kurudi kwa mlango wa nyuma. Wengu kwa kawaida haufi wote, kwani hupata damu pia kupitia mishipa mifupi itokayo kwenye tumbo la chakula. Mahali pengine daktari huweza kupitisha bomba dogo lililofunikwa kitambaa, damu ikaendelea kupita na uvimbe ukabaki nje ya njia. Tangu miaka ya 1990 ipo pia njia ya matundu madogo ya tumboni, ambapo mpasuaji huufunga mshipa akiongozwa na kamera.

Mchango wa miji pacha unaingia hapa. Kurt Amplatz, aliyezaliwa Austria mwaka 1924, alifundisha radiolojia katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mjini Minneapolis, kwa miongo minne. Alikuwa mbunifu asiyechoka wa mirija, waya na vizibo. Mwaka 1995 alishiriki kuanzisha kampuni ya AGA Medical huko Golden Valley, kitongoji cha Minneapolis. Vizibo vyake vilisukwa kwa waya wa nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani ambao hukumbuka umbo lake: hubanwa ndani ya mrija, na ukiachiwa hufunguka. Vya kwanza viliziba matundu ya moyo ya watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikaja kizibo cha mishipa, ambacho madaktari wamekitumia kuziba ateri ya wengu pia. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilinunuliwa na St. Jude Medical ya Saint Paul, nayo mwaka 2017 ikanunuliwa na Abbott. Amplatz alifariki mwaka 2019.

Tiba hii haikosi hasara. Sehemu ya wengu yaweza kufa na kuleta homa na maumivu, na mara chache jipu. Mgonjwa anayevuja damu kwa kasi na ambaye shinikizo lake la damu limeanguka huenda bado akahitaji kisu. Lakini kwa wengi wengine, siku chache hospitalini hutosha.

Wala si tiba ya marais na wanajeshi. Uvimbe wa kweli wa ateri hiyo huwapata zaidi wanawake, hasa waliozaa mara nyingi, na pia watu ambao shinikizo katika mshipa wa ini limepanda. Wengi huwa hawajui kama wanao, mpaka picha iliyopigwa kwa sababu nyingine iufichue. Ukipasuka wakati wa ujauzito, huwa hatari kubwa kwa mama na mtoto. Ndiyo maana madaktari hushauri mwanamke aliye katika umri wa kuzaa atibiwe mapema, na uvimbe wa bandia uzibwe hata ukiwa mdogo.

Kwa muda mrefu wagonjwa wa Afrika Mashariki waliohitaji tiba za aina hii kupitia mishipa walikuwa na njia chache mbali na kusafiri nje. Kuanzia mwaka 2018 wataalamu kutoka Marekani walianza kufika kwa zamu katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, kuwafundisha madaktari wa Tanzania, na mwaka 2021 wahitimu wa kwanza wa fani hiyo walimaliza mafunzo yao nchini humo.

Alichokiacha

Garfield hakupata muda wa kutawala. Hata hivyo kifo chake kilibadilisha mambo mawili. Januari mwaka 1883 mrithi wake, Chester Arthur, ambaye mwenyewe alilelewa na siasa za kugawana vyeo, alitia saini sheria iliyoanza kuzitoa kazi za serikali kwa mitihani badala ya upendeleo. Na madaktari wa Marekani, waliosoma ripoti ya uchunguzi wa maiti kwa aibu, walizidi kuyakubali mafundisho ya Lister.

Lucretia aliishi zaidi ya miaka 36 baada ya mumewe. Alikusanya barua na vitabu vyake katika nyumba yao ya Mentor, Ohio, na alipofariki mwaka 1918 alizikwa kando yake mjini Cleveland.

Pingili za uti wa mgongo wa Rais zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya tiba huko Silver Spring, jimbo la Maryland. Ndani yake umepitishwa ujiti kuonyesha njia ya risasi. Unaingia upande wa kulia na kutokea kushoto, kuelekea mahali ilipokuwa ateri ya wengu.